Stoo Yenye Kufuli Mbili: Kisa cha Majalada Yaliyobaki Nyuma Halmashauri Ilipohama

Stoo ilikuwa na kufuli mbili, na kila kufuli ilikuwa na mwenyewe. Moja ilifungwa na halmashauri ya wilaya siku ilipohama Mtwara mjini kwenda makao mapya, kilomita 30 na ushei. Ya pili ilifungwa na ofisi ya umma iliyorithi jengo. Ndani kulikuwa na mita 75 za karatasi ukizipanga ubavu kwa ubavu kwenye rafu: kiasi cha tani tatu. Wenye kufuli wote wawili hawakuwa na orodha ya kilichomo.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Halmashauri, watu wake na vipimo vya stoo vimepangwa kwa ajili ya uchambuzi huu, ingawa aliyewahi kukaa kwenye masjala (ofisi inayotunza majalada) yoyote ya Kusini atavitambua. Sheria, taasisi na historia vinavyotajwa ni vya kweli.

Siku ya 1, ofisi iliyorithi jengo iliandika barua ikiomba chumba kiondolewe "makaratasi chakavu" ndani ya siku 14. Masjala iliipokea, ikaiweka kwenye jalada la majengo, ikaipandisha kwa Mkurugenzi Mtendaji. Neno "chakavu" ndilo lililoipa barua njia yake. Mkurugenzi aliandika pembeni: "Ugavi, shughulikia." Na watu wa ugavi wanajua kushughulikia vitu chakavu: viti vilivyovunjika, matairi, mashine za chapa zilizokufa. Vinaorodheshwa, vinakaguliwa, vinafutwa vitabuni, vinauzwa. Kufuta mali kuna vibali vyake na huchukua miezi, lakini karatasi hazikuwa na thamani kwenye daftari la mali, kwa hiyo hazikusubiri kibali cha mtu. Siku ya 8 zilikuwa mstari mmoja kwenye orodha: "karatasi za zamani, lundo 1." Siku ya 11 mnunuzi alikuja na pikapu, akapiga safari mbili.

Safari ya tatu haikufanyika, na haikuzuiwa na mfumo wowote. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa anafuatilia mafao yake PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na alidaiwa barua ya kuthibitishwa kazini. Afisa kumbukumbu wa halmashauri alipanda bodaboda hadi mjini kutafuta jalada lake, akakuta mlango wazi na pikapu inapakiwa. Dereva alimjibu kwa heshima tu: "Bosi, mimi nimetumwa na ugavi." Afisa alifunga mlango, akapiga simu, kisha akaandika dokezo sabili (dokezo la karatasi yake peke yake, nje ya jalada) la mistari minne: kwamba kilichomo stoo ni kumbukumbu za umma, kwamba haziwezi kuuzwa wala kuteketezwa bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kwamba shehena mbili zimeshaondoka, kwamba anaomba zoezi lisimame. "Nawasilisha kwa maelekezo yako." Mkurugenzi Mtendaji alisimamisha jioni ileile.

Ni haki kumsifu afisa huyo. Lakini uongozi wa nyaraka za taifa ukitegemea bodaboda ya mtu mmoja na bahati ya mwalimu mmoja, kuna kitu hakijakaa sawa juu zaidi ya stoo, na ndicho tunachokichambua.

Tuanze na sheria, maana hapo hakuna utata mkubwa. Tanzania Bara ilikuwa na Sheria ya Nyaraka za Taifa tangu mwaka 1965. Ya sasa ni Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002. Tofauti ya msingi ni kwamba ya sasa haingoji karatasi izeeke. Inaifuata tangu inapoandikwa, inapofunguliwa jalada, inapofungwa, hadi inapoamuliwa kubaki au kuteketezwa. Mkuu wa kila taasisi ya umma anawajibika kwa kumbukumbu za taasisi yake, halmashauri zikiwemo. Idara inasimamia, inakagua, inashauri na kutoa idhini. Kumbukumbu ni karatasi yoyote ya kazi ya umma. Nyaraka ni zile chache zilizopimwa zikaonekana zinastahili kudumu, mara nyingi chini ya kumi kwa kila mia.

Ugumu unaanza ukiuliza nani anaweza kumwambia nani "hapana". Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Ofisi ya Rais, upande wa Menejimenti ya Utumishi wa Umma. Halmashauri iko chini ya TAMISEMI, yaani ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mkurugenzi Mtendaji wa wilaya hapokei amri kutoka kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu. Barua yake anaiona kama ushauri wa kitaalamu kutoka wizara nyingine, na ana barua nyingi za namna hiyo mezani. Afisa kumbukumbu naye ana mabwana wawili. Utaalamu wake unatoka kwenye Idara na vyuo. Tathmini yake ya utendaji kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima kazi za watumishi, inajazwa na mkuu wa utawala na rasilimali watu wa halmashauri, yaani mtu ambaye angeweza kuwa ndiye aliyeagiza stoo isafishwe. Kuandika dokezo la kumpinga kunataka moyo. Wengi wangemaliza soda yao wakarudi ofisini.

Kwa hiyo nguvu halisi ya Idara ni saini moja: idhini ya kuteketeza. Asiyeiomba hajulikani. Mtu wa Idara, awe Dodoma au Upanga jijini Dar es Salaam, hana namna ya kujua kwamba kuna mita 75 zimefungiwa Mtwara mpaka mtu wa Mtwara amwambie, na kutoka Mtwara hadi Dodoma kwa barabara ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Baadhi ya nchi zimejaribu kuinua cheo cha taasisi yenyewe. Marekani iliitoa idara yake ya nyaraka chini ya wakala wa majengo na manunuzi mwaka 1985, ikawa taasisi inayojitegemea. Hoja hiyo inasikika hata kwetu kila wanataaluma wanapokutana. Tunaiona ina maana, ila isingeiokoa stoo hii. Mkuu wa nyaraka angeweza kuwa na cheo cha waziri na bado asijue.

Idara haikuwa na taarifa kwa sababu ya namna halmashauri zinavyogawanywa na kuhamishwa. Wilaya ikigawanywa, inaundwa kamati ya mgawanyo wa mali na madeni. Magari yanahesabiwa, majengo yanahesabiwa, watumishi wanapangiwa vituo, hata viti vina namba. Majalada hai yanabebwa kwa sababu kazi ya kesho inayahitaji. Majalada yaliyofungwa hayamo kwenye mali, hayamo kwenye madeni, hayamo kwenye orodha ya watumishi. Yanabaki pale yalipokuwa, kama bibi aliyesahauliwa siku ya kuhama. Kusini kumepita migawanyo mingi ya aina hii. Makao ya Jimbo la Kusini yalikuwa Lindi kabla ya kuhamia Mtwara. Mkoa wa Lindi ukamegwa kutoka Mtwara mwaka 1971. Wilaya na halmashauri za miji zimeendelea kuzaliwa hadi miaka ya karibuni. Kila mpaka mpya umeacha stoo nyuma yake.

Hilo linaonekana ndani ya stoo yenyewe. Zoezi la kuorodhesha lilipoanza, kosa la kwanza lilikuwa kuandika "Halmashauri" kwenye safu ya mwenye kumbukumbu kwa kila jalada. Lakini serikali za mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Halmashauri za wilaya zilianza tena kazi mwaka 1984. Jalada la operesheni vijiji la mwaka 1974, au la mgao wa mbegu la 1978, si la halmashauri yoyote. Ni la Serikali Kuu ngazi ya wilaya, chini ya Mkurugenzi wa Maendeleo wa wakati huo. Chini zaidi yalipatikana majalada machache ya mkoloni yaliyotaja ardhi ya mpango wa karanga, ambao Kusini ulikuwa na kituo Nachingwea, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Kwenye rafu moja kuna waumbaji watatu, yaani mamlaka tatu zilizoandika kumbukumbu hizo. Ukiwachanganya kwenye orodha, mtafiti au hakimu wa miaka ijayo hatajua barua ilitoka kwenye mamlaka gani, na barua isiyo na mamlaka ni karatasi tu.

Kosa la pili lilitaka kufanywa kwa nia njema. Halmashauri mpya iliyomegwa iliomba "barua za vijiji vyetu" zinyofolewe kwenye majalada ya mipaka. Jibu lazima liwe hapana. Jalada lililofungwa halimegwi. Folio (barua yenye namba yake ndani ya jalada) namba 43 ina maana kwa sababu inajibu 42 na inajibiwa na 44. Ukiinyofoa umeharibu majalada mawili kwa mkupuo, lile la zamani lenye pengo na jipya lisilo na chanzo. Lililofungwa linabaki zima kwa halmashauri mzazi, ile iliyomegwa, halmashauri mpya inapewa nakala iliyothibitishwa na orodha. Lililo hai na linalohusu eneo jipya peke yake linahama zima, kwa hati ya makabidhiano yenye saini mbili.

Sasa uokoaji wenyewe. Barua ya halmashauri kwenda Idara, kupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa, iliondoka siku ya 12. Jibu lilifika siku ya 20: lisiguswe lolote, liorodheshwe, afisa atakuja. Afisa alifika siku ya 33. Katikati yake, siku ya 15, mvua ya masika ilipata nafasi kwenye bati.

Kwenye pwani ya Mtwara na Lindi adui mkubwa ni hewa. Ukungu huanza kustawi unyevunyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na hewa ya pwani yetu hukaa juu ya hapo karibu mwaka mzima. Karatasi iliyolowa ina saa 48 hadi 72 kabla ukungu haujashika. Majalada 90 hivi yalilowa. Kilichofanyika vizuri: yalitolewa kwa trei, si kwa kushikwa jalada mojamoja kwa pembe, yalitandazwa ukumbini chini ya pangaboi, madirisha yakiwa wazi, karatasi nyeupe zisizoandikwa zikipachikwa kila baada ya kurasa chache na kubadilishwa asubuhi na jioni. Kilichotaka kufanywa vibaya ni kuyaanika juani. Jua la Mtwara linakausha upesi kweli, ila linapausha wino, linakunja karatasi, na upande wa chini unabaki mbichi. Mengine 12 yalikuwa yameshikana kama mkate. Hayo yalifungwa kwenye mifuko ya nailoni na kuwekwa kwenye friza, kwa sababu baridi ya kugandisha inausimamisha ukungu mpaka apatikane mtaalamu wa kuyatenganisha. Friza lazima liwe tupu. Ukiyachanganya na samaki, utakuwa umeongeza tatizo la pili.

Uorodheshaji ulianza siku ya 21, baada ya vumbi kufutwa kwa brashi laini na kila mtu kuvaa barakoa na glavu. Mchwa walikuwa wamekula rafu mbili za mbao zilizogusa ukuta. Za chuma hazikuguswa. Zilizobaki zilisogezwa sentimita 15 kutoka ukutani, na chini kuliachwa sentimita 15 kutoka sakafuni. Mita 75 zilikuwa zimebaki 66, na zilitengwa hivi kabla ya kuandika chochote: vocha na vitabu vya hesabu mita 29, majalada binafsi ya watumishi mita 14, majalada ya shughuli mita 13, nakala za ziada, magazeti ya serikali na fomu tupu mita 5, mihtasari ya vikao mita 3, ardhi, mipaka na ramani mita 2.

Mgawanyo huo ndio uliookoa muda. Mita moja inabeba majalada kama 50, na watu wawili wakienda sawa wanaorodhesha majalada 120 kwa siku. Ukiorodhesha kila kitu jalada kwa jalada ni karibu siku 28 za kazi kwa jozi moja. Lakini vocha zinaorodheshwa kwa furushi na mwaka wa fedha, na fomu tupu haziorodheshwi kabisa. Mita 32 zilizobaki ni majalada 1,600 hivi. Jozi tatu zilimaliza ndani ya wiki moja. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kutoka kampasi ya Mtwara ya Chuo cha Utumishi wa Umma, wanaosomea fani hiyohiyo, walifaa sana kwenye majalada ya shughuli na vocha. Majalada binafsi na ya masjala ya siri hawakuyagusa; hayo ni ya watumishi walioapishwa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la adabu ya kazi peke yake.

Orodha ilikuwa na safu saba: namba ya kasha, namba ya jalada kama ilivyoandikwa juu, kichwa kama kilivyo bila kusahihishwa, juzuu, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, mwenye kumbukumbu, hali yake. Penseli, si kalamu ya wino. Kichwa kinachosema "Mambo Mchanganyiko" kilibaki hivyo, ila pembeni likaongezwa neno au mawili ya kilichomo, maana ndani ya mambo mchanganyiko ndimo kulikokutwa makubaliano ya mpaka wa vijiji viwili yaliyoshindikana kupatikana kwenye jalada la mipaka. Masjala zilizopita mkononi mwa watu wenye haraka zote ziko hivyo.

Kisha kazi ambayo wengi huiruka: kulinganisha orodha na rejesta ya majalada. Majalada 212 yalikuwa kwenye rejesta na hayakuwa stoo. Ilikuwa rahisi kumtwisha mnunuzi wa karatasi yote. Kadi za mwendo wa jalada zilionyesha kwamba 61 kati ya hayo yaliazimwa na wakuu wa idara, mengine zaidi ya miaka 20 iliyopita, hayakurudi. Yaliyobaki 151 ndiyo yanayoweza kuhesabiwa kuwa yalikwenda na pikapu au yalipotea kabla. Mnunuzi alirudisha viroba vinne alivyokuwa hajauza, majalada 38 yakapatikana. Jalada la mwalimu halikuwemo. Nakala ya barua yake ya kuthibitishwa ilipatikana kwenye mihtasari ya kikao cha ajira, ambayo haikuuzwa kwa sababu ilikuwa imejalidiwa kama vitabu na wapakiaji waliona ni mali.

Afisa wa Idara alipofika alikuta orodha, na hilo lilibadilisha ziara yake. Badala ya kukagua uozo, alikaa siku mbili akipima. Mita 3 za mihtasari, mita 2 za ardhi na sehemu ya majalada ya shughuli yaliyotimiza miaka 30 yaliwekwa alama ya kuhamishiwa kwenye hifadhi ya taifa, ambako kwa kawaida ya sheria yanaweza kufunguliwa kwa wasomaji. Majalada binafsi yalirudishwa makao mapya. Fomu tupu na nakala za ziada ziliidhinishwa kuchanwa mbele ya mashahidi watatu, kwa hati.

Upande wa Idara tunaona mapungufu mawili ya uongozi, na si ya fedha. Kwanza, siku 33 ni nyingi. Idhini ya dharura ingeweza kukasimiwa kwa afisa kumbukumbu mwandamizi wa Sekretarieti ya Mkoa: si idhini ya kuteketeza, hiyo ibaki juu, bali mamlaka ya kusimamisha na kuweka lakiri siku hiyohiyo, hata mkuu wa taasisi asipopenda. Pili, Idara inaomba taarifa za mafunzo, za watumishi, za mifumo ya ofisi mtandao, lakini ilichohitaji hapa ni taarifa ya ukurasa mmoja kwa mwaka: taasisi ina stoo ngapi, ziko wapi, mita ngapi, nani ana ufunguo. Katibu Tawala wa Mkoa angeikusanya kwa wiki mbili.

Upande wa halmashauri, Mkurugenzi Mtendaji alifanya mambo matatu kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Aliandika kwamba karatasi yoyote yenye namba ya jalada haiingii kwenye orodha ya mali chakavu bila saini ya afisa kumbukumbu. Aliitengea masjala kifungu chake kwenye matumizi mengineyo, badala ya kuiacha iokoteze makasha kwenye bajeti ya shajala. Na alimwagiza mwanasheria aongeze kumbukumbu kwenye kiolezo cha makabidhiano ya ofisi, mstari wake peke yake, kati ya magari na samani. La nne lilimshinda. Mifumo ya sasa inazalisha barua ndani ya kompyuta, na kitengo cha TEHAMA na masjala havijakubaliana nani atafunga jalada lisiloshikika kwa mkono. Wote wawili wanasema ni la mwenzake.

Vocha mita 29 bado ziko stoo. Muda wa kutunzwa wa nyingi umepita, mkaguzi hazihitaji, Idara haina sababu ya kuzikataa. Ombi la kuziteketeza limerudishwa mara moja kwa sababu mafurushi ya miaka miwili ya fedha yalifungwa pamoja, na kibali hutolewa kwa mwaka. Wasaidizi wawili wanayafungua upya, furushi moja baada ya jingine, na ofisi iliyorithi jengo imeandika barua nyingine ikiuliza chumba kitakuwa wazi lini.